Kilomita Hamsini Kutoka Mpakani

Ukitaka kujua serikali inamtazamaje jirani yake anayepigana, usianze na hotuba ya waziri. Fungua ramani, tafuta kambi ya wakimbizi ilipo, kisha pima umbali wake hadi mpakani. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unataka wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka, kwa sababu za usalama. Kilomita haukutaja. Hamsini ilikuja baadaye, kwenye miongozo ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mazoea ya serikali, na wanaohudumia wakimbizi Kigoma na Kagera, mikoa ya mpakani ya Tanzania, huitaja kana kwamba imo kwenye msahafu.

Sababu yake haihitaji darasa. Kambi ambayo mtu anaweza kutoka jioni akavuka mpaka na kurudi alfajiri ni bohari ya chakula, zahanati na kitanda cha mpiganaji. Jirani naye anapata kisingizio cha kurusha kombora. Mkataba huohuo unasema kutoa hifadhi ni kitendo cha amani na cha utu, na kwamba nchi nyingine isikihesabu kuwa ni uadui. Sasa mwambie hivyo jirani yako huku wapiganaji wanaompinga wanapanga foleni ya unga kilomita kumi kutoka kwenye kituo chake cha jeshi.

Tatizo ni kwamba watu hawakimbii kwa kufuata mwongozo. Aprili na Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliishia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa. Barabara ya gari haikuwapo. Kutoka pale kulikuwa kwa maji. Ikaitwa MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913. Meli haikuweza kufika ufukweni, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi na boti hadi meli ilikotia nanga, wakapandishwa mmojammoja na mizigo yao, watoto na wagonjwa wakiwemo. Meli ikibeba watu 600 kwa safari, watu 30,000 ni safari 50. Zidisha kwa saa za kupakia, kusafiri hadi Kigoma mjini, kushusha na kurudi, utaona kwa nini kipindupindu kiliikuta kazi njiani: wagonjwa walipita 3,000 kabla ya mwisho wa Mei, na zaidi ya 30 walikufa.

Kagunga ilifunza kitu kimoja ambacho mipango mingi bado inakisahau. Watu wakiganda mahali pasipo na njia ya kutokea, usisubiri wafike kambini ndipo uwahudumie. Maji, vyoo na chanjo vinapelekwa palepale walipoganda, hata kama serikali haitaki mahali pale paitwe kambi. Kuchimba choo si kutangaza makazi. Ila ofisini huwa hivyo hasa: kila anayeombwa kibali cha choo anaona anaombwa aruhusu mji.

Kambi na sera ya nje ya Tanzania vilikuwa ndugu tangu mwanzo. Miaka ya 1960 na 1970, kumpokea aliyekimbia ukoloni au ubaguzi wa rangi lilikuwa tendo la ukombozi, sawa na kuwapa FRELIMO ya Msumbiji au ANC ya Afrika Kusini mahali pa kukaa. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, kisha Katumba, na Mishamo mwaka 1978: takriban hekta 5 kwa familia, msitu waukate wenyewe, mbali na mpaka. Kufikia 1985 makazi hayo yalikuwa yanajilisha na kulipa kodi, yakakabidhiwa serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshapewa tuzo ya Nansen, ya UNHCR kwa wanaosaidia wakimbizi, mwaka 1983. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa uraia, na hati zao zilianza kutolewa 2014. Sijui kambi ya unga wa msaada iliyowahi kufikia hapo, na sidhani ipo.

Ngara, wilaya ya Kagera inayopakana na Rwanda, ikabadili hesabu. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Kati yao walikuwamo walioua katika mauaji ya kimbari. Na si waliotumwa kuua tu: hata viongozi waliokuwa wakipanga walivuka na mihuri yao, wakakaa kambi ya Benaco wakiwa viongozi walewale wa wananchi walewale.

Hapo ndipo kosa kubwa la ugawaji wa chakula lilipofanyika, na lielezwe vizuri kwa sababu bado linarudiwa kwingine. Ukipokea watu robo milioni kwa siku moja huwezi kuandikisha kila mmoja. Unatafuta kiongozi, unamuuliza ana watu wangapi, unampa magunia kwa idadi aliyotaja. Akisema 8,000 wakati ni 5,000, ana mgao wa watu 3,000 mkononi: anauza, analisha wapiganaji, anamnyima asiyemtii. Magunia yako yamemtawaza. Juni 1994 maofisa walipojaribu kumwondoa kiongozi mmoja wa Benaco aliyetuhumiwa mauaji, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada kwa mapanga na marungu. Haikuwa kwa mapenzi tu. Mtu anamlinda anayeshika unga wake.

Dawa yake inajulikana. Andikisha familia moja moja hata kwa makadirio ya haraka, mpe kadi mkuu wa kaya, na kadi ishikwe na mwanamke inapowezekana. Gawa kwa kaya, wala usigawe kwa mtaa. Kiongozi wa mtaa mpe kazi ya kuita watu na kutuliza foleni, si ya kushika mizani. Na wenye silaha watengwe mapema, wiki za kwanza, kabla hawajaoana na mitaa. Serikali ilifanya hivyo baadaye kwa kuwapeleka Mwisa, Kagera, lakini mizizi ilikuwa imeshashuka. Desemba 1996 ilitangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudishwa, wengi wao wakisukumwa na askari kuelekea daraja lilelile. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi, Na. 9 ya 1998: kukaa kambini, na kutoka kwa kibali. Enzi ya hekta tano ilikuwa imekwisha.

Tuingie ghalani. Mgao kamili Kigoma ulipangwa hivi kwa mtu mmoja kwa siku: unga wa mahindi gramu 380, maharage au dengu gramu 120, unga wa uji wa lishe gramu 50, mafuta ya kula gramu 20, chumvi gramu 5. Jumla inafika takriban kalori 2,100. Kwa mzunguko wa siku 28, familia ya watu watano inatoka na kilo 53.2 za unga, kilo 16.8 za maharage, kilo 7 za uji, kilo 2.8 za mafuta na gramu 700 za chumvi. Zaidi ya kilo 80. Mjane mwenye watoto wanne habebi kilo 80 kichwani. Anamlipa mbebaji, na malipo ni unga. Kabla hajafika kwake mgao umeshapungua, na ripoti itasema alipokea asilimia 100. Kituo cha kugawia kikiwa mbali na nyumba, umeshapunguza mgao bila kuandika barua.

Halafu kuna kopo. Mizani ni polepole, kwa hiyo wagawaji hutumia kopo lililokatwa kwa kipimo. Kopo hupima ujazo, si uzito. Unga uliokaa chini ya rundo la magunia umeshindiliwa, kopo lake linazidi. Unga uliomwagwa na kuchotwa upya una hewa, kopo lake linapungua. Mchotaji aliyechoka saa nane mchana hachoti kama alivyochota saa mbili asubuhi. Ukizidisha asilimia 2 tu kwa familia ya watu watano umetoa zaidi ya kilo moja. Kwa familia 200 kwa siku ni kilo 213, yaani zaidi ya magunia manne ya kilo 50. Jioni magunia hayo yanakosekana, wa mwisho kwenye foleni wanarudi mikono mitupu, na neno linalozunguka kambini ni wizi. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kopo lipimwe upya kwa mizani kila asubuhi na kila shehena mpya inapofunguliwa, na mizani moja iwekwe mlango wa kutokea ili kila anayetaka apime mwenyewe. Mizani hiyo ya mlangoni inatuliza watu kuliko mkutano wowote wa hadhara.

Mafuta yana mtego wake. Lita moja ni kama gramu 920, siyo kilo. Mgawaji anayehesabu gramu 20 kuwa mililita 20 anamnyima kila mtu kidogo kila siku, na mwisho wa mzunguko ana madebe ambayo hayamo kwenye vitabu. Hapo sasa wizi huanza kweli.

Mgao ukikatwa, na umekatwa mara nyingi (mwaka 2023 ulishuka hadi nusu kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha), watu hawali nusu ya kila kitu. Unga ndio unaouzwa kununua sabuni, chumvi na mboga, kwa hiyo kinachobaki kwenye sufuria ni chini ya nusu. Ukitaka kujua hali, usiulize kama watu wameshiba. Hesabu milo, angalia kama mbegu imeliwa, na tazama utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano. Bonyeza na miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mtoto ni mgonjwa hata kama utepe unasema kijani.

Maji ni hesabu ya foleni. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na UNHCR inalenga 20. Bomba zuri linatoa lita 7.5 kwa dakika, kwa hiyo dumu la lita 20 linajaa kwa dakika 2 na sekunde 40, ongeza nusu dakika ya kuhamisha madumu na kugombana. Watu 250 kwa bomba moja wanahitaji lita 3,750, nazo ni dakika 500 za maji kutiririka bila kukatika: saa 8 na dakika 20. Sasa dizeli ikipungua na pampu ikawa inawashwa kwa muda wa saa nne tu, hakuna ufundi wa foleni utakaoongeza lita. Wenye nguvu watateka, wengine watakwenda mtoni, na wiki mbili baadaye kliniki itaanza kuandika kuhara. Klorini ipimwe bombani, iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kisha ipimwe tena nyumbani kwenye dumu lenyewe. Dumu lenye ukoga linaimeza klorini yote kabla ya usiku. Mchanganyiko wa kokoto ndogo, sabuni na maji, ukatikiswa vizuri, unasafisha dumu bila gharama yoyote ya maana.

Kwa nini kambi ya zaidi ya miaka ishirini iendeshe pampu kwa dizeli inayokuja kwa lori? Kwa sababu bajeti ni ya mwaka mmoja mmoja, na kwa sababu kulaza bomba la kudumu ni kukiri kwamba watu hawa watakuwa hapa baada ya miaka mitano. Ukikiri hivyo umesema pia kwamba kwa jirani hakutatulia karibuni. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini. Watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao sasa, na bado turubai ni sehemu ya mpango wa mwaka.

Kwenye dawati la uandikishaji kuna kitu kingine, nacho ni cha lugha. Karani wa Kitanzania na Mkongo wa Fizi au Uvira wote wanasema Kiswahili, basi mkalimani haitwi. Mama anasema amekuja na watoto wanne na yaya. Kwa karani yaya ni mtumishi wa kulea, anaandika "si ndugu", pengine anamweka kwenye kadi nyingine. Kumbe kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa, na mdogo wake ni leki. Familia imepasuliwa kwa neno moja. Kwa upande mwingine, "mtoto wangu" kwetu sote ni pamoja na mtoto wa marehemu dada, na "baba" ni pamoja na baba mdogo. Mtu hadanganyi anapowaita hivyo. Lakini miaka sita baadaye, faili likienda kwa nchi ya tatu (ile inayowachukua wakimbizi kuwahamishia kwake) na kipimo cha vinasaba kikafanywa, jibu linarudi kwamba mtoto si wa kumzaa, na familia nzima inaonekana waongo. Uliza tangu siku ya kwanza: huyu umemzaa mwenyewe? Nani alimzaa? Yuko wapi? Andika majibu matatu, hata kama fomu ina nafasi ya moja.

Tarehe ni hivyohivyo. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1. Kijana asiye na wazazi anaweza kupoteza miezi kumi na moja ya utoto kwa wino wa karani. Muulize alikuwa darasa la ngapi, mvua zipi, nani alikuwa amezaliwa tayari.

Na neno "walinisumbua". Kwa mahojiano ya ukimbizi hilo ni neno la hatari kuliko yote. Linaweza kuwa matusi barabarani, linaweza kuwa kubakwa. "Alichukuliwa" inaweza kuwa alipelekwa hospitali au alitekwa usiku na hajaonekana. Anayeandika "aliripoti usumbufu" na kupita ameamua kesi bila kujua. Nyamaza kidogo, kisha uliza: walifanya nini? Walikuwa wangapi? Ilikuwa saa ngapi? Na kama aliyekaa mbele yako ni mwanamke, mkalimani asiwe mwanamume wa mlima mmoja na yeye (kwa Warundi mlima ni kama kijiji).

Hapa ndipo tunarudi kwenye siasa za nje waziwazi. Kuna njia mbili za kumtambua mkimbizi. Ya mkupuo: serikali inatamka kwamba kila anayetoka mahali fulani kwa wakati fulani ni mkimbizi, imekwisha. Na ya mmoja mmoja: kila mtu anahojiwa na kuthibitisha. Ya kwanza ni ya haraka, ila ina maana ambayo kila balozi anaielewa: tunaamini nchi yako inawaka. Warundi wa 2015 walipokelewa kwa mkupuo. Tarehe 20 Januari 2017 serikali iliuondoa utaratibu huo kwao, kila mpya akawa wa kuhojiwa. Kwenye mpaka hakuna kilichobadilika siku ile, milima ni ileile. Kilichobadilika ni kauli kwa Bujumbura.

Mazingira yake yakumbukwe. Jaribio la mapinduzi la Mei 2015 nchini Burundi lilitokea Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioitwa kuijadili Burundi. Mwaka uliofuata Rais mstaafu Mkapa akapewa usuluhishi wa mgogoro huo, kama Mwalimu alivyopewa ule uliozaa Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000. Nchi iliyo msuluhishi, mwenyeji wa wakimbizi na njia ya mizigo ya jirani yake kwa wakati mmoja haiwezi kusema kwa sauti kwa nini watu wanakimbia. Msuluhishi asiyekubalika na serikali hana kazi. Julai 2017 Nkurunziza alipotoka nje ya nchi yake kwa mara ya kwanza tangu jaribio lile, alikuja Ngara. Kutoka jukwaani, yeye na Rais Magufuli wakawaambia wakimbizi kwamba nyumbani ni salama. Septemba misafara ya kurudi ikaanza. Mapema 2018 Tanzania ikajitoa kwenye mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika uchumi, kwa hoja za usalama na fedha.

Hoja ya fedha haikuwa porojo. Mpango ule ulitaka nchi zifungue ajira na ardhi, na sehemu ya fedha zilizotajwa ilikuwa mkopo. Kukopa ili umhifadhi mgeni ni jambo gumu kulieleza Kasulu au Kakonko, ambako mwanakijiji anapanga foleni ya maji yake mwenyewe. Lakini yaliyofuata kambini yalikuwa na gharama iliyomfikia mwanakijiji huyohuyo. Mgao wa fedha taslimu uliojaribiwa Nyarugusu ulisimamishwa 2017. Masoko ya pamoja, ambako Mha, mwenyeji wa Kigoma, alileta mahindi na ndizi na mkimbizi akaleta nguo na ufundi, yakafungwa. Baiskeli na pikipiki zikakatazwa. Halmashauri ikapoteza ushuru, na mkulima akapoteza mnunuzi wa karibu. Biashara haikufa, ilihamia vichakani usiku, bei ikapanda na askari akapata cha kukamata.

Kwa mtu wa kazi hii, masharti hayo ni swali la kitaalamu: kurudi bado ni hiari? Utaratibu wenyewe kwenye karatasi ni safi. Mkimbizi anajiandikisha dawatini kwa hiari yake, anahojiwa peke yake bila mume wala mwenyekiti wa mtaa, anathibitishwa alama za vidole, anapimwa afya, analala kituo cha kuondokea, asubuhi anapanda basi, kadi yake ya mgao inafungwa, na upande wa pili anapokelewa kwa msaada wa kuanzia. Yanayoharibika ni haya. Mume anajiandikisha kwa familia yote, mke hajui. Mama mjamzito wa miezi minane anaficha ili asiachwe. Mtoto yuko darasa la mtihani, hati yake ya masomo ya mtaala wa Burundi haijafika. Mtu anarudi anakuta shamba lina mwingine, na anavuka tena usiku, safari hii bila kadi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwisho wa 2012. 2015 baadhi ya waliorudishwa kutoka pale walifika tena mapokezi ya Nyarugusu, vidole vyao vikiwa tayari kwenye kompyuta.

Kwa hiyo usiipime hiari kwa sahihi kwenye fomu. Ipime kwa kulinganisha wanaojiandikisha wiki ya mgao kamili na wiki ya mgao uliokatwa, na kabla na baada ya soko kufungwa. Idadi ikiruka bila habari yoyote mpya kutoka kwao, kinachowatoa kiko upande huu. Agosti 2019 serikali mbili zilikubaliana wote waanze kurejeshwa Oktoba. Oktoba ilipofika, misafara iliendelea na waliojiandikisha, si kwa wote kama ilivyotangazwa. Wino wa makubaliano ni mwepesi. Kupakia watu laki mbili kwenye mabasi wasiotaka ni kazi inayohitaji jeshi na macho ya dunia yafumbwe.

Kwa Kongo hesabu ni nyingine. Hakuna anayewaambia Wakongo warudi haraka, kwa sababu Tanzania yenyewe ilipeleka wanajeshi Kivu kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa 2013 kupambana na waasi, na Desemba 2017 ilipoteza zaidi ya askari kumi kwa shambulio moja Semuliki. Huwezi kuzika vijana wako halafu useme kule ni shwari. Machi 2023 maelfu walipovuka tena kuingia Kigoma, hakukuwa na jukwaa la kuwaaga. Wakati huohuo reli ya kisasa inayojengwa kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye nikeli ya Burundi, inapita mkoa huohuo wa Kigoma, na shehena ya nchi zote mbili inashuka bandari ya Dar es Salaam. Anayesoma takwimu za kambi bila kusoma za bandari anasoma nusu ya kitabu.

Kwa walio dawatini sasa, jambo moja la dharura. Burundi imepunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, kuanzia uchaguzi wa 2025. Faili la 2015 linasema Makamba au Ruyigi; kwa serikali yake huko ni Burunga na Buhumuza. Shamba lililopotea litadaiwa kwa jina la zamani mbele ya ofisi yenye muhuri mpya. Kwenye fomu ya kurudi andika mkoa wa zamani na mpya, tarafa ya zamani na mpya, kisha jina la mlima kama mwenyewe anavyolitamka, na majirani wawili waliopakana na shamba lake. Mlima haukubadilishwa jina.